Sinki jeupe nililolitamani tangu utotoni limeniletea maneno nyumbani

Shikamoo mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto watatu, na tunaishi Kigamboni. Najua wapo wanaokuandikia wakiwa na mambo mazito kuliko haya yangu, lakini hii ni wiki ya pili sipati usingizi kwa ajili ya sinki la jikoni, na sina wa kumweleza akanielewa.

Nyumba yetu tulihamia mwaka 2012 ikiwa haijaisha, kama ilivyo kwa wengi. Jiko tulisema tutalimalizia baadaye, na hiyo baadaye ndiyo imefika sasa. Sinki tulilonalo ni la sementi, fundi alilijenga palepale akalibandika vigae vya bluu. Mwaka jana lilipasuka kwa chini, maji yakawa yanavujia kabatini, mbao zimevimba na mende hawaishi. Mume wangu amekubali tutengeneze jiko zima. Tuligawana: yeye analipia kabati na granaiti, mimi nanunua sinki na bomba kwa fedha ya kikoba tulichovunja Desemba. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Mama yangu alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge huko Tanga, njia ya kwenda Muheza. Baba alikuwa anafanya kazi korona, yaani kwenye mtambo wa kusindika mkonge. Nikitoka shule nilikuwa napitia mlango wa nyuma wa ile nyumba, nasimama juu ya kreti la soda kumsubiri mama amalize vyombo. Sinki lilikuwa jeupe, la kizamani, lenye kina kirefu hata mikono ya mama ilizama mpaka viwikoni. Jua la saa kumi lilikuwa linapita dirishani linaangukia humo ndani, maji yakang'aa. Akimaliza analisugua kwa nusu ya limau na majivu laini, analisuuza, halafu analikausha kwa kitambaa pembe zote. Siku moja, nadhani nilikuwa na miaka saba, alinigeukia akasema, "Ukisoma, utakuwa na lako."

Nimesoma. Baba alifariki mwaka 2022 na mama akaja kuishi kwangu. Ana miaka 74. Kila asubuhi akimaliza chai anaosha kikombe chake mwenyewe, hataki kuoshewa, kisha anachukua kitambaa anakausha sinki zima, hata hili la sementi lililopasuka. Nikimwona anafanya vile moyo unaniuma.

Mwezi uliopita nilikwenda Kariakoo kuangalia bei nikaliona. Jeupe, la udongo wa kuchoma, bakuli moja, upana sentimita 76, lile ambalo uso wake wa mbele unaonekana, haufunikwi na kabati. Niliweka kiganja ndani yake, likawa la baridi, na machozi yakanitoka mbele ya watu. Muuzaji akaniletea kiti. Bei yake shilingi 950,000.

Mume wangu nilipomweleza alisema la chuma la shilingi 220,000 linatosha, lina bakuli mbili na mahali pa kuchujia vyombo. Akaongeza, "Hapa si nyumba ya Mzungu." Sijui kama alijua neno lile litanichoma kiasi gani. Si mtu mbaya, hanipigi wala haninyimi, ila hapendi kitu kinachoonekana cha kujionyesha. Anasema pia kwamba maji yetu ya kisima yatalichafua. Ni kweli beseni la kunawia la bafuni, ambalo nalo ni jeupe, lina mchirizi wa kahawia chini ya bomba, lakini lile ni la zamani, na binti anayetusaidia kazi hulisugua mara moja tu kwa wiki. Fundi wa kabati naye ameungana na mume wangu. Anasema sinki lile ni zito na mbao za MDF alizotumia hazitalibeba mpaka aongeze kazi, na kazi ni fedha.

Sasa niseme lile linalonikosesha usingizi hasa. Nimeshalitangulizia shilingi 300,000. Risiti iko kwenye pochi yangu, mfuko wa zipu, na mume wangu hajui. Dukani wamesema fedha hairudi, ila naweza kubadilishiwa bidhaa nyingine ya kwao.

Juzi nilimwonyesha mama picha kwenye simu. Alivaa miwani, akaangalia muda mrefu, akanirudishia simu akasema, "Hilo lina kazi yake." Akaenda kukaa barazani. Najua mama hapendi tugombane kwa ajili yake, ndiyo maana alijibu vile. Fundi wa granaiti anakuja mwisho wa mwezi kukata tundu, na akishakata hakuna kurudi nyuma. Nishike msimamo wangu, au niliache?

Binti wa Mtumishi, Kigamboni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama jikoni kwangu. Usijione umeleta jambo dogo. Mbele ya sinki mtu anasimama mara tatu, nne kwa siku, miaka nenda miaka rudi, na mengi ya nyumbani huwa tunayawaza tukiwa pale, mikono ikiwa majini. Kitu cha namna hiyo kinaweza kumnyima mtu usingizi.

Nikikuelewa vizuri, unataka kulitimiza neno uliloambiwa ukiwa na miaka saba. Mumeo na fundi unawaona wamekaa njiani. Fedha umeshaitanguliza kimyakimya, na yule uliyedhani atafurahi kuliko wote amesema maneno manne akaenda zake barazani. Unaniuliza ushike msimamo au uache. Hilo sitakujibia, kwa sababu sinki litakaa kwako na wala si kwangu. Lakini yapo mambo ndani ya barua yako ambayo ningependa uyaangalie tena pamoja nami, na tuanzie bafuni.

Sinki jeupe tayari unalo, binti yangu. Ni lile beseni la kunawia. Unasema mchirizi umetokea kwa kuwa beseni ni la zamani na halisuguliwi vya kutosha. Mimi nadhani umri wa beseni hauhusiki sana. Maji mengi ya visima yana chuma kilichoyeyuka ndani yake. Yakitoka bombani huoni kitu, ni maangavu kabisa, lakini yakishakutana na hewa kile chuma hugeuka kutu, na kutu hiyo hukaa palepale tone linapodondokea. Beseni jipya kutoka dukani litapata mchirizi uleule, kwa maji yaleyale. Kwa hiyo lifanyie jaribio. Lisugue wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwa limau. Liache dakika kumi, lisuuze, likaushe. Kisha asiliguse mtu kwa siku saba. Angalia mchirizi unarudi siku ya ngapi. Ukirudi siku ya pili, ujue sinki la jikoni litakudai kila siku mbili. Usipoonekana mpaka wiki iishe, basi hofu ya mumeo imezidi kiasi. Na kabla ya yote mwite fundi bomba abadilishe washa ya bomba hilo, maana mchirizi ulionyooka chini ya bomba mara nyingi ni bomba linalodondosha usiku kucha.

Usitumie Jik kwenye doa la kutu, hata kama ndiyo iliyo karibu. Jik haiondoi kutu, hulishikiza doa likawa gumu zaidi. Na kwa usalama wenu wote mle ndani, Jik isichanganywe na limau, wala siki, wala dawa ya choo yenye asidi. Hutoa gesi ya klorini inayokaba kifua, na jiko dogo lililofungwa madirisha si mahali pa kuivuta.

Sasa na mumeo tumtendee haki, kisha tumuulize na yeye. Ana hoja kuhusu maji. Lakini anadhani chuma hakitamdai kitu, na hapo sikubaliani naye, hasa kwa nyumba ya Kigamboni yenye kisima na upepo wa bahari. Chuma kisichoshika kutu kinategemea kromiamu na nikeli iliyochanganywa ndani yake. Kile kinachoitwa 304 kina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8 au zaidi kidogo. Masinki mengi ya bei ya chini hupunguziwa nikeli, na hayo maji ya chumvi yakilala juu yake huanza kuyatoboa vidoa vidogo vya kutu, kwanza pembeni mwa tundu la kutolea maji. Sumaku haitakusaidia kuyatofautisha, kwa kuwa yote mawili kwa kawaida hayaivuti. Tafuta namba iliyogongwa kwenye sinki, mwambie muuzaji aiandike kwenye risiti, halafu gonga tumbo la sinki kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe, ni bati jembamba. Sijui hilo la shilingi 220,000 ni la aina gani, na ningetamani mumeo aende kulijua kabla hajasema linatosha. Yapo mazuri, ila pengine si kwa bei hiyo. Tofauti ya bei anayoiona yeye huenda ni ndogo kuliko anavyodhani.

Tena chokaa ya maji magumu huacha ukungu mweupe kwenye chuma kila tone likikaukia pale. Kwenye sinki jeupe ukungu huo hauonekani sana. Kwa hiyo kwa maji ya kwenu jeupe litaonyesha kutu, chuma kitaonyesha chokaa. Hakuna kati ya hayo mawili litakalokaa bila kitambaa.

Ukiamua jeupe, ujue unanunua nini. Lile uliloliwekea kiganja ni udongo uliochomwa kwenye joto kali mno, linazidi nyuzi 1,000, na juu yake kuna gamba la kioo kama la kikombe cha kauri. Gamba hilo halinywi manjano wala chai. Ukiona mistari ya kijivu baada ya kuosha sufuria za alumini, usishtuke ukadhani limechubuka. Ni alumini yenyewe imejiandika pale kama penseli kwenye karatasi, na inatoka kwa unga laini wa kusugulia. Kinacholiua ni stilwaya. Leo halionekani doa, kesho halionekani, lakini gamba linapoteza ulaini wake kidogo kidogo mpaka uchafu unapata pa kushika. Na sufuria nzito ikiponyoka inaweza kulimegua ukingo, na pengo hilo halizibiki likarudi kama zamani. Vikombe navyo vikiteleza humo havina msamaha. Wengi huweka kitanda cha waya au mkeka wa mpira chini, ukaondolewa na kusafishwa kila siku.

Kuna jeupe la chuma kilichopakwa enameli, zito vilevile. Likimeguka, chuma cha chini huanza kushika kutu. Na kuna jeupe la unga wa mawe uliogandishwa kwa plastiki ngumu. Hilo ni jepesi, fundi wako atalifurahia, lakini kwa rangi nyeupe huwa linashikwa na chai na chokaa kwa urahisi kuliko la udongo, na sufuria iliyotoka motoni isikalishwe humo. Duka likikubali kukubadilishia, hayo ndiyo utakayoonyeshwa, kwa hiyo uende ukijua.

Fundi wako hakudanganyi kuhusu uzito. Sinki la udongo la upana huo linaweza kufika kilo 40 au zaidi likiwa tupu, na likijazwa nusu unaongeza zaidi ya lita 20 za maji, kila lita kilo moja, bado vyombo. MDF ikilowa huvimba, umeshaona kabatini mwako mbao zinavyofanya. Linataka fremu yake lenyewe, ya mbao ngumu au ya chuma, inayosimama sakafuni. Muulize fremu hiyo ni shilingi ngapi, leo, kwa maandishi, ili uongeze kwenye ile 950,000. Kuna kipimo kingine ambacho mafundi hawakiulizi kamwe, nacho kinanikera: kimo cha wanaoosha. Msimamishe mama yako mahali sinki litakapokuwa, mpimie kwa mkanda kutoka sakafuni mpaka mikono yake inapofika akiwa hajainama. Mama wa miaka 74 akiinamia sinki lenye kina kirefu kila asubuhi kwa ajili ya kikombe kimoja, mgongo utamwambia.

Kisha kuna mtu mmoja kwenye barua yako ambaye umempa nusu ya sentensi tu. Mikono ya mama yako umenieleza ilivyozama mpaka viwikoni. Nimeliona limau, nimeyaona majivu, nimeliona jua la saa kumi. Mikono ya binti anayekusaidia kazi sijaiona. Ninachojua ni kwamba husugua beseni mara moja tu kwa wiki, na kwa namna ulivyoandika ni kama unamdai. Sikulaumu. Nyumba yenye mwalimu, watoto watatu na mzee haiendi bila msaada. Nakuuliza tu: sinki hili likija, nani atalikausha pembe zote jioni? Kama ni yeye, umemuuliza anaonaje? Inawezekana akalipenda. Inawezekana pia anaogopa kitu cha shilingi 950,000 ambacho sufuria ikimponyoka hana pa kukilipia. Utamwambiaje, kabla, kuhusu siku hiyo?

Na hapo nakuja kwa mama yako. "Hilo lina kazi yake." Wewe umeshalitafsiri: hataki mgombane. Huenda. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini neno lile linaweza kuwa na maana ileile lililosemwa nayo, kwamba lina kazi. Wewe sinki lile ulilitazama ukiwa juu ya kreti, mtoto, umetoka shule, unamwangalia mama yako akiwa kwenye mwanga. Yeye alilitazama kutoka juu, akiwa kazini kwa watu. Hujaniambia nani alimfundisha kulikausha mpaka pembeni, wala nini kilitokea siku ambayo hakulikausha. Na wewe pengine hujui, kwa sababu watoto hawaambiwi mambo hayo.

Kukausha sinki ndiyo dawa kubwa kuliko zote za maji yenye chuma, mama yako anaijua tangu zamani. Anaifanya mpaka leo juu ya sementi iliyopasuka. Inaweza kuwa ni fahari ya mtu aliyeijua kazi yake. Inaweza kuwa ni hofu ya zamani ambayo haijatoka mikononi. Inaweza kuwa yote mawili, au mazoea tu ya mtu anayependa usafi, na sisi tunayapa maana zisizo zake. Nakuomba usiniulize mimi ni lipi. Yupo barazani.

"Utakuwa na lako" nayo nimeifikiria. Mtoto wa miaka saba aliyetazama sinki alielewa sinki. Mama aliyesema huenda alimaanisha jiko, au nyumba, au mlango wa mbele wa kupitia badala ya ule wa nyuma. Kama ni hivyo, umeshampa tangu 2012. Lakini hata kama yeye hakumaanisha sinki, wewe umelitamani miaka 36, na hamu yako ni yako. Si lazima liwe la mama ndipo uruhusiwe kulipenda. Ungelitaka hili sinki kama mama yako angesema hapana? Jibu hilo ukiwa peke yako, kisha utajua unalinunua kwa ajili ya nani.

Mumeo alisema neno baya. Yeye huenda alikuwa anazungumzia kujionyesha. Kwako liligusa nyumba halisi yenye mlango wa nyuma na kreti la soda. Je, anaijua hadithi ya ile nyumba? Siulizi kama anajua mama mkwe wake alifanya kazi za ndani. Nauliza kama anajua kuhusu lile limau na lile neno. Mwanamume anayebishana kuhusu shilingi 950,000 hajui kwamba anabishana na mtoto wa miaka saba. Inawezekana akijua asibadilishe mawazo kuhusu maji ya kisima. Lakini lile neno la Mzungu sidhani kama atalirudia.

Risiti sasa. Fedha ni yako, ya kikoba, na mligawana sinki liwe juu yako. Kwa hesabu hiyo hukuiba. Lakini wewe mwenyewe umeiweka kwenye mfuko wa zipu, na ni wewe uliyeandika kwamba hiyo ndiyo inakukosesha usingizi hasa. Ukimwambia leo, atakasirika, na huenda akasema umeshaamua halafu unajifanya kumuuliza. Hapo atakuwa na haki kidogo. Usipomwambia, fundi au muuzaji atamwambia kwa bahati mbaya siku sinki linashushwa, na kuanzia hapo kila mtu akilitazama ataiona ile risiti kwanza. Mimi ningeogopa hilo la pili zaidi, ila wewe ndiye unayemjua akikasirika anakaa siku ngapi.

Njia zipo, na kila moja ina bei yake. Unaweza kulichukua lile lile, na fremu, na bomba lisilodondosha, na mkakubaliana wote wanne mle ndani nani analikausha lini. Ukifanya hivyo bila makubaliano, baada ya miezi mitatu mchirizi wa kahawia utakuwa ndani ya kitu ulichokililia dukani, na utamgombeza mtu. Unaweza kubadilishiwa jeupe dogo zaidi la bakuli moja, linaloingia chini ya granaiti, kwa ajili ya vikombe, mboga na kunawa, na masufuria makubwa yakaendelea kuoshewa nje kama nyumba nyingi zetu zinavyofanya. Hilo linapunguza uzito na gharama, lakini angalia usije ukamwacha binti wa watu juani na masufuria ili sinki libaki zuri. Unaweza pia kukubali la chuma, lililo bora, mkalinunua pamoja, na ile 300,000 ukaichukulia bomba zuri na vigae vyeupe vya ukutani pale dukani. Hatari yake unaijua: kila ukiosha chombo utalikumbuka lile jingine. Wapo wanaozoea baada ya mwezi. Wapo ambao hawazoei.

Kitu kimoja kinawezekana kwa njia zote hizo, nacho ni kuomba siku. Mpigie fundi wa granaiti umwambie asogeze wiki mbili. Atalalamika, mafundi hulalamika, lakini jiwe lisilokatwa linasubiri. Jaribio la beseni linahitaji siku saba, na mazungumzo mengine uliyonayo mbele yako yanahitaji zaidi ya usiku mmoja.

Kwa mama usianze tena na picha ya kwenye simu. Kesho asubuhi, akisimama kuosha kikombe chake, simama naye, wewe ushike kitambaa. Akaushe sinki nusu yake, nawe nusu yako. Halafu muulize ile nyumba ya njia ya Muheza ilikuwaje kwa ndani, upande ambao wewe hukufika. Akinyamaza, mwache anyamaze, umalizie kukausha. Akisimulia, niandikie tena, hata kama sinki litakuwa limeshafungwa.